Vile vipele vidogo kwenye uume, naomba usivichome

Juzi usiku kama saa tano hivi mdogo wangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, ana miaka 24 anaendesha boda huko Mbagala, kanitumia voisi ya dakika nne nzima anaongea kwa kunong'ona. Ameona vipele vimezunguka kichwa cha uume, kaenda duka la dawa kauziwa vidonge, leo siku ya tano havijaondoka, sasa kuna mshikaji pale kijiweni kamwambia apake maji ya betri. Aliposema maji ya betri sikumalizia kusikiliza, nikampigia palepale.

Naandika kwa sababu mimi nimeyapitia. Nilikua mwaka wa pili chuo, bafu la hosteli, nimewasha tochi ya simu najikagua. Vilikua vidogo kama kichwa cha pini, rangi ileile ya ngozi, vimejipanga mistari miwili kama shanga pale kwenye ukingo wa kichwa. Haviumi, haviwashi, havitoi kitu. Mimi nikajua tu haya ni masundosundo, zile nyama za ugonjwa wa zinaa. Nilikua na mwenzangu mmoja, nikamshuku, nikamtolea maneno, tukaachana, na mpaka leo yale maneno yananiuma. Afu nikatwanga kitunguu swaumu, nikapaka, nikafunga na kitambaa nikalala nacho. Asubuhi ngozi imebabuka inatoa maji, chupi inagandia, nikienda kukojoa nashika ukuta. Wiki mbili hizo. Kidonda kikapona, vipele vikabaki vilevile, hata kimoja hakikupungua.

Aliyenitoa kwenye hayo mateso ni tabibu mmoja mama wa makamo kituo cha afya, niliona aibu kweli kumkuta mwanamke lakini yeye alivaa glovu, akavuta taa, hakumaliza hata dakika mbili akasema "mwanangu, huu sio ugonjwa, ni ngozi yako." Akanielewesha kwamba hivyo vinatokea baada ya balehe, vina milimita moja mpaka tatu hivi, jina lake la kitaalamu limetokana na lulu kwa jinsi vinavyong'aa. Haviletwi na uchafu wala ngono, havimwambukizi mtu, ukisugua na sabuni unajichubua bure. Wasiotahiriwa wanavyo zaidi ila hata sisi tuliotahiriwa tunavyo, na umri ukienda vinafifia vyenyewe.

Kuna na vile vidoti vya njano-nyeupe kwenye shina la uume na kwenye mfuko wa korodani, ukivuta ngozi ndo vinaonekana vizuri, hivyo ni vitezi vya mafuta ambavyo havina nywele. Vinaitwa Fordyce, jina la daktari wa ngozi wa Marekani aliyevielezea mwaka 1896. Jiangalie kwenye kioo mdomo wa juu, wengi wetu tunavyo hata pale na hatujawahi kushtuka. Vingine ni vidoti vyekundu vya kuiva kwenye korodani, ni vimishipa vya damu vimetanuka, navyo havina shida ila ukivikwangua vinatoka damu.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya nikaonekana nasema kila kipele kiache. Masundosundo yapo kweli, yanaletwa na kirusi cha HPV, yenyewe hayajipangi mstari, yanaota ovyo, yana uso wa kukwaruza kama koliflawa na yanaongezeka, na yanaweza kutokea miezi mingi baada ya kuambukizwa kwaiyo usikimbilie kumnyooshea kidole uliyenae. Malengelenge yanayouma yakapasuka, nenda kituo cha afya. Kipele chenye kishimo katikati, nenda. Muwasho unaokuzidi usiku na wenzako ndani nao wanajikuna huo unaweza kuwa ule ugonjwa wa upele wa kuambukizana, nendeni wote. Ninachokiogopa mimi kuliko vyote ni kidonda kimoja kisichouma, kaswende inaanza hivyo, mara nyingi kama wiki tatu baada ya kukutana na mtu, afu kinapona chenyewe unashangilia kumbe ugonjwa uko kwenye damu unaendelea na safari. Hicho hata kama kimeshafunga nenda kapime. Na usaha, uvimbe ndani ya korodani, au kidonda cha wiki kadhaa kinachogoma kupona, usilale nacho.

Na kama huelewi ni kipi kati ya hivyo, hiyo nayo ni sababu tosha ya kwenda, mimi mwenyewe kwa macho yangu nilikosea. Muuzaji wa duka la dawa hajakuona, anakupa vidonge kwa maneno yako tu.

Mdogo wangu nimemwambia asipake kitu chochote, asiminye, asikate na wembe. Ameniuliza mara tatu kama daktari atamsema. Kesho nampitia saa moja asubuhi, boda anaiacha nyumbani, nitakaa nae pale kwenye benchi mpaka aitwe.