Siku moja maishani mwangu: Jumanne ya mwanafunzi wa biashara kwenye chuo cha jamii, San Diego

Saa 11:30 alfajiri
Siku inaanzia kwenye Canvas, mfumo ambao walimu huweka kazi, alama na matangazo. Naangalia kazi zinazofungwa leo, tangazo lolote la darasa kuhamishwa, na alama mpya. Muhula huu nina yuniti 13: uhasibu wa fedha 4, uchumi mdogo 3, sheria ya biashara 3 na takwimu 3. Kwa mkazi wa California ada ni dola 46 kwa yuniti, yaani dola 598, kabla ya ada ndogondogo na vitabu. Vitabu ndivyo vinavyouma, hasa kozi inayodai ununue msimbo wa kuingilia kwenye mazoezi ya mtandaoni, ambao mara nyingi hupita dola 100. Wakati wa kujiandikisha tafuta kwenye ratiba madarasa yenye alama ya vitabu bila malipo. Yapo, na huwahi kujaa.

Hesabu ya muda nayo ifanye mapema. Kila yuniti ni kama saa moja darasani na saa mbili nje ya darasa kwa wiki. Yuniti 13 ni saa 39, kazi ya kutwa kabla hujaenda kazini.

Saa 1:00 asubuhi
Basi namba 7 kwenye University Avenue, kutoka City Heights kwenda mjini. Ndani ya basi napitia msamiati wa sheria ya biashara: toleo (ofa), ukubali (kuikubali ofa), malipo ya mkataba (kile kila upande unachotoa). Hesabu sizigusi humu, zinataka meza.

Saa 2:00 hadi 4:00 asubuhi
Uhasibu. Wiki hii ni maingizo ya marekebisho, yale ya mwisho wa kipindi yanayoweka gharama na mapato kwenye miezi yake, na kwa kawaida ni hapa ambapo viti huanza kubaki vitupu. Si kwamba mada ni ngumu mno. Inamkamata aliyekariri debiti na krediti, yaani upande wa kushoto na wa kulia wa akaunti, bila kuelewa zinafanya nini.

Mfano wa ubaoni: kampuni imelipa bima ya mwaka mzima, dola 1,200, tarehe 1 Oktoba. Siku ya kulipa, debiti Bima Iliyolipwa Kabla 1,200, krediti Fedha Taslimu 1,200. Ikifika 31 Desemba miezi mitatu imeshaliwa, kwa hiyo debiti Gharama ya Bima 300, krediti Bima Iliyolipwa Kabla 300. Zile 900 zilizobaki zinakaa kwenye mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji) kama mali, kwa sababu ni huduma ambayo kampuni bado inadai.

Kosa linalojirudia ni kukrediti Fedha Taslimu mara ya pili. Pesa ilitoka Oktoba, Desemba hakuna aliyelipa chochote. Ingizo la marekebisho haligusi fedha taslimu kamwe. Hugusa akaunti moja ya mizania na moja ya taarifa ya mapato. Ukiona Fedha Taslimu ndani yake, futa uanze upya. Ukiliruka kabisa, faida inavimba kwa 300, mali inavimba kwa 300, na urari, orodha inayolinganisha jumla ya debiti na ya krediti, bado unalingana. Urari kulingana si ushahidi kwamba hesabu ni sahihi, na mitihani hupenda kuuliza hapo.

Urari usipolingana, usianze kupekua leja kurasa zote. Tuseme debiti ni 48,630 na krediti 48,090. Tofauti ni 540. Kwanza tafuta kiasi cha 540 kilichoachwa upande mmoja. Kisha gawa kwa 2: kuna 270 iliyowekwa upande usio wake? Halafu gawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu zilizopinduka, kama 1,710 iliyoandikwa 1,170. Majaribio hayo matatu huchukua dakika chache na huokoa jioni nzima.

Saa 4:30 asubuhi
Uchumi mdogo, mnyumbuko wa mahitaji: bei ikibadilika, kiasi kinachonunuliwa hubadilika kwa kadiri gani. Bei ikipanda kutoka dola 4 hadi 5, mauzo yakashuka kutoka 100 hadi 80, usigawe kwa namba ya mwanzo. Tumia wastani wa namba ya mwanzo na ya mwisho: gawa 20 kwa 90, na 1 kwa 4.5. Zote ni asilimia 22.2, mnyumbuko ni 1, na mapato ni dola 400 kabla na baada. Anayegawa kwa namba ya mwanzo hupata asilimia 20 na 25, halafu anashangaa kwa nini jibu lake halikubaliani na mapato yaliyobaki palepale.

Saa 6:15 mchana
Miadi na mshauri wa masomo, dakika 30. Hizi ndizo dakika zenye thamani kuliko zote kwenye wiki, na nasikitika kuona wenzetu wengi waliohamia huku wakizikwepa kwa aibu au kwa kumwamini rafiki. Nenda na jina la chuo kikuu cha miaka minne unachotaka kuhamia ukimaliza hapa, fani yenyewe, na orodha ya kozi uliyoitoa kwenye tovuti ya ASSIST, inayoonyesha kozi ipi ya chuo chako inapokewa CSU na UC, mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya California. Kuna kampasi inayodai kalkulasi na nyingine inayoridhika na takwimu. Kugundua hilo mwaka wa pili ni kuongeza muhula.

Ukimaliza digrii ya miaka miwili ya uhamisho, yuniti 60, CSU inakuhakikishia nafasi kwenye mfumo wake na kozi zisizozidi yuniti 60 nyingine katika fani inayolingana. Haikuhakikishii kampasi uliyoitamani. San Diego State ina waombaji wengi kuliko nafasi, kwa hiyo wastani wa alama wa 2.0 unaotosha kwenye karatasi hautoshi kwa ushindani.

Uliza pia kuhusu W, alama inayoandikwa ukijitoa kwenye kozi kabla haijaisha. Kuacha kozi kwa W hakushushi wastani, lakini yuniti zake zinahesabiwa kuwa ulizijaribu. Vyuo vingi hutaka umalize walau asilimia 67 ya ulizojaribu ili uendelee kupata msaada wa fedha wa serikali kuu. Aliyeanza na yuniti 13 akaacha uhasibu na kozi nyingine ya yuniti 3 amemaliza 6, asilimia 46.

Saa 8:00 mchana hadi 12:00 jioni
Zamu ya dukani.

Saa 1:30 usiku
Mazoezi ya uhasibu kwanza, akili ikiwa bado ina nguvu, takwimu baadaye. Kazi nyingi za Canvas hufungwa saa 5:59 usiku. Mimi natuma saa 4:00. Faili la lahajedwali likikataliwa, badilisha liwe PDF, pakia tena, kisha lifungue kutoka ndani ya Canvas kuhakikisha kurasa zote zimo. Picha ya simu yenye kivuli juu ya safu ya krediti haisomeki, na mwalimu hukupa alama kwa anachokiona.