Baba alifariki bila wosia, tukaanza na madeni

Baba alikuwa mfanyabiashara wa nafaka hapa Korogwe, na hakuacha wosia. Kwenye kikao cha ukoo baada ya hitima, baba mdogo alitaka mali igawanywe siku ileile: nyumba, shamba, na lori aina ya fuso. "Mwanangu, wanaodai watakuja wenyewe," aliniambia. Nikamjibu, "Baba mdogo, naomba kwanza tumtoe baba kwenye deni." Kwetu Waislamu hilo halina mjadala: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia kama upo na usizidi theluthi, ndipo warithi. Sheria ya nchi nayo inamtaka msimamizi wa mirathi alipe madeni kabla ya kugawa.

Nikateuliwa mimi, mtoto wa kwanza. Muhtasari wa kikao ukasainiwa, nikachukua cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo, na kufungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Tangazo likabandikwa, pingamizi halikuja, nikapewa barua ya usimamizi. Bila barua hiyo benki hawakugusi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye daftari la baba, kubwa, la jalada gumu. Kila aliyemdai na kila aliyedaiwa alikuwa humo: jina, magunia, bei, salio. Deni likiisha alilikata kwa wino mwekundu na kuandika tarehe. Mtu mmoja alikuja akidai milioni 3. Jina lake lilikuwa limekatwa kwa wekundu. Tulimkalisha na wazee, tukamwomba hati au shahidi. Hakuwa na kimoja, akaondoka. Halafu kuna bibi mmoja mkulima ambaye hakuja kudai kabisa. Nilikuta jina lake na salio la laki nne na nusu, halijakatwa. Nilimfuata kijijini kwake. Alikuwa ameshamsamehe marehemu moyoni, lakini haki yake ilikuwa ipo, na nilimlipa yote mbele ya mwanawe.

Mkopo mkubwa ulikuwa wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo. Wadogo zangu walikuwa na hofu kwamba watakatwa mishahara yao. Niwatoe wengine wasiwasi huo: deni la marehemu hulipwa kwa mali ya marehemu, si kwa mfuko wa mtoto, labda kama mtoto alimdhamini. Kabla hatujauza chochote niliuliza kama mkopo ule ulikuwa na bima. Ulikuwa nayo. Nikapeleka cheti cha kifo na barua ya usimamizi, salio likafutwa. Tafadhali ulizeni hilo mapema, kuna familia zinauza shamba kulipa deni ambalo bima ingelimaliza.

Madeni yaliyobaki tuliyalipa kwa kuuza fuso. Mali na madeni yote niliyaorodhesha kwenye fomu namba 5, ambayo msimamizi anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, na kila stakabadhi ya malipo niliitunza kwa ajili ya fomu namba 6, ile ya hesabu za mirathi. Mahakama inataka kuona shilingi imetoka wapi na imeenda wapi.

Mama alipata thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na kwa kuwa wazazi wa baba walishatangulia, kilichobaki kikawa cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Kuhusu nyumba, tulikubaliana isiuzwe mama akiwa hai. Wote tukasaini mbele ya hakimu, shauri likafungwa.