Wikio limekubali

Limekubali! Jana usiku, katika mji wangu wa gemu, mama mmoja alitoka chumbani kwake ghorofani, akavuka uchochoro kwa juu kupitia wikio, yaani chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia, akaingia kwa dadake upande wa pili na kuketi kitandani. Wakati huohuo, chini ya miguu yake, punda mwenye shehena ya mawe ya matumbawe alipita kwenye kivuli cha wikio hilohilo bila kusita. Hao wawili walikuwa mahali pamoja kwenye ramani, mmoja juu na mmoja chini, na kila mmoja alijua yuko kwa nani na ana haki gani ya kuwa pale. Hilo ndilo nililokuwa nalipigania tangu mvua za masika.

Mradi ni uleule: gemu la maisha ya kila siku, mji mmoja wazi wa pwani ulioigwa kwa Lamu, na mchezaji ana ruhusa ya kujenga na kubomoa popote. Akitaka azibe uchochoro, akitaka aongeze ghorofa au aunganishe nyumba za ndugu wawili, na mji uendelee kuishi pasipo skrini ya kusubiri. Gemu lenyewe bado liko mbali. Kwa sasa najenga ulimwengu wake tu, kwa sababu ulimwengu ukikataa, hakuna kingine kitakachosimama.

Shida yote ilikuwa kiwanja. Tangu The Sims ya kwanza mwaka 2000, magemu ya aina hii yamejengwa juu ya wazo la kiwanja. The Sims 3 ya 2009 ilifungua mji mzima, ukaweza kutoka nyumbani hadi bustani ya mjini kwa miguu, na mpaka leo wapo wasiotaka kuiacha kwa sababu hiyo moja. The Sims 4 ya 2014 ikarudi kwenye vipande na skrini za kusubiri. Life by You iliyokuwa ikitengenezwa na Paradox iliahidi mji wazi wa kuhaririwa, kisha ikafutwa Juni 2024. inZOI iliingia sokoni Machi 2025 ikiwa bado inaendelea kujengwa, ina miji mikubwa ya kupendeza, na bado ukinunua nyumba unanunua kiwanja.

Ninaelewa kwa nini. Kiwanja kinamrahisishia mwandika programu maisha. Ni mstatili juu ya ardhi, na kila kilicho ndani yake, kutoka msingi hadi mawinguni, ni cha mwenye kiwanja. Ukijua mhusika amesimama wapi kwenye ramani, umeshajua yuko kwa nani, anaruhusiwa kufanya nini, na vitu vilivyo karibu naye vimehifadhiwa kwenye faili gani. Kwa mtaa wa nyumba zilizotenganishwa na nyasi na ua, hakuna mfumo bora kuliko huo.

Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe wa Lamu, haukujengwa hivyo. Nyumba zimegusana mgongo kwa mgongo, ukuta mmoja una wenyewe wawili, na mawikio yanavuka juu ya vichochoro: chumba kizima kimelazwa juu ya boriti za mikoko, ncha moja ndani ya ukuta wa nyumba hii, ncha ya pili ndani ya ukuta wa nyumba ile. Juu ni chumba cha watu. Chini ni njia ya kila mtu. Mara nyingi nyumba hizo mbili ni za ukoo mmoja, na wikio linawawezesha wa ndani kutembeleana bila kushuka njiani.

Sasa chukua kiwanja chako cha mstatili ukiweke pale. Ukisema wikio ni la nyumba, uchochoro wa chini unakuwa mali ya nyumba pia, na wapita njia wanaanza kuuona kama sebule ya mtu. Nilishuhudia foleni ya wahusika na punda wawili wakisimama hatua chache kabla ya kivuli, kisha wote wakageuka kuzunguka mtaa mzima. Ukisema uchochoro ni wa umma, basi chumba cha juu nacho ni cha umma, na mgeni asiyejulikana na mtu anapanda ngazi kwenda kulala kwenye kitanda cha mwenye nyumba. Katika mji ambao nyumba yake imepangwa yote kwa ajili ya kuhifadhi sitara, kosa hilo linaua kila kitu.

Lakini kilichonitesa kuliko vyote ni taa. Nilitundika taa chini ya wikio, kwenye boriti, kama mita 2.2 kutoka ardhini. Sakafu ya chumba cha juu iko kwenye 2.6. Kijana wa mtaa alipewa kazi ya kuiwasha jioni. Injini, programu inayoliendesha gemu, ikauliza swali lake la kawaida: sehemu ipi ya kukanyagika iliyo karibu zaidi na taa? Kwa hesabu tupu, sakafu ya juu iko sentimita 40 tu, uchochoro uko mita mbili na zaidi. Kwa hiyo kijana aliingia nyumba ya watu, akapanda ngazi, akaenda kusimama juu ya taa kabisa, akanyoosha mkono hewani, akarudi chini. Kila jioni. Hesabu ilikuwa sahihi na jibu lilikuwa la hovyo, na hakuna ukali wa vipimo ungeweza kulirekebisha.

Kuzipa ghorofa namba kulionekana kama njia ya mkato. Mji ukaikataa. Nyumba hizi hazikujengwa siku moja wala na fundi mmoja; sakafu ya nyumba ya kushoto iko juu kuliko ya kulia, na ndani ya wikio mna vidato viwili vya kusawazisha. Sasa hicho chumba ni ghorofa ya ngapi? Kulifanya wikio kuwa kifaa maalumu chenye sheria zake nako hakukufika mbali. Mchezaji anayeruhusiwa kujenga popote atabomoa nusu yake, au atapanga matatu mfululizo mpaka uchochoro uwe handaki, na sheria maalumu hazikuandikwa kwa handaki.

Jibu lilikuja nilipoacha kuuliza ardhi ni ya nani. Sasa mji hauna viwanja hata kimoja. Una nafasi na milango, basi. Nafasi ni hewa yoyote iliyozungukwa: chumba, ua, daka (kibaraza cha mlangoni), kipande cha uchochoro. Programu inaanza kwenye sakafu na kujaza hewa hiyo kwa vijisanduku vya nusu mita mpaka inagonga ukuta, dari au kizingiti. Kila nafasi ina mwenyewe, ina orodha ya vitu vyake, na ina milango inayoiunganisha na nyingine. Mhusika anapotaka kwenda mahali, kwanza anatafuta mfululizo wa nafasi, mlango hadi mlango, kwa AStar3D, kitafuta njia cha kawaida cha Godot, injini ninayotumia. Akishapata mfululizo, ndipo anapotafuta hatua za miguu ndani ya nafasi moja kwa wakati.

Taa ile sasa imeandikishwa kwenye nafasi ya uchochoro, kwa sababu hewa inayoizunguka ni ya uchochoro. Swali la sehemu iliyo karibu linaulizwa ndani ya uchochoro peke yake. Kijana anasimama chini ya taa, anawasha, anaenda zake. Nilimwangalia jioni nzima.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulipanga, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kwa kuwa kila nafasi inajua milango yake, naweza kuhesabu kutoka njiani hadi chumba chochote kuna milango mingapi. Nikachukua nyumba ya mawe ya kawaida: daka, kisha kiwanda (ua wa ndani), kisha msana (ukumbi mrefu unaotazama ua), kisha ndani (chumba cha faragha). Hesabu ikatoka 1, 2, 3, 4, na hiyo ndiyo ngazi yenyewe ya heshima ya nyumba. Muuza samaki anaishia daka. Mgeni anayefahamika anafika kiwandani. Jamaa wanakaa msanani. Ndani ni kwa wa ndani. Sikuandika sheria hata moja ya faragha. Imetoka kwenye milango. Na wikio, ambalo kwa mita liko juu kabisa ya vichwa vya wapita njia, kwa milango ni chumba cha mbali kuliko vyote. Mchezaji akijenga nyumba ya namna yoyote ile, hata ya makuti kule mtaa wa Langoni yenye vyumba viwili, wahusika wanajua adabu yake bila kuambiwa. Akiondoa daka akafungua mlango wa msana moja kwa moja njiani, majirani wataanza kuingia msanani, na mama mwenye nyumba hatapendezwa. Hiyo ndiyo aina ya uhuru wa kujenga niliyokuwa naitafuta, ambapo ukuta unaouhamisha unabadilisha maisha ya watu.

Ugumu uliobaki ni kitambulisho. Ukibomoa ukuta, nafasi mbili zinakuwa moja. Ukiujenga, moja inagawanyika. Ni nusu ipi inayorithi jina, mwenyewe na kumbukumbu za "hapa ndipo nilipozaliwa"? Kwa sasa nusu yenye kitanda ndiyo inayorithi, na kama vitanda viko pande zote au havipo, basi iliyo kubwa. Inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, ila kwenye maduka inaleta matokeo ya ajabu kwa kuwa dukani hamna kitanda. Nafikiria mzani wa duka ufanye kazi ya kitanda.

Kuhusu zana. Ninabaki na Godot. Faili yake ni ndogo, inafunguka haraka hata kwenye laptopu yangu yenye kadi dhaifu ya picha, na leseni yake haina masharti ya kunikosesha usingizi. Anayejenga mji wa kuhaririwa ndani yake azingatie haya mawili. Unapochora upya mtandao wa njia wakati gemu linaendelea, usome maumbo ya migongano na uache maumbo yanayoonekana, maana kusoma yanayoonekana kunailazimu programu kuvuta data kutoka kwenye kadi ya picha na mchezo unakwama. La pili ni ukingo wa vipande vya mtandao huo. Injini hupunguza eneo la kutembea kwa nusu ya upana wa mhusika kila upande, kwa hiyo vipande viwili vinavyopakana vinaachiana mwanya na hakuna anayevuka. Ongeza ukingo unapochora, kisha ukate kwa usawa. Na kwa uchochoro wa mita 1.2, nusu mita inayokatwa kila upande kwa mipangilio ya mwanzo inakuachia uzi wa sentimita 20. Punguza.

Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D, ninaitumia kwa milango tu, kwa sababu mlango wa Lamu wenye nakshi unastahili mkono. Kuta, zidaka (vishubaka vya ukutani) na dari vinatengenezwa na msimbo. Wengi wananishauri mji mzima utengenezwe kwa bahati nasibu, na siutaki mpango huo. Vichochoro vya Mkomani viko vile kwa sababu familia ziliongeza vyumba kizazi baada ya kizazi. Bahati nasibu inaleta vichochoro vilivyopinda bila sababu, na jicho la mtu wa pwani linagundua mara moja. Kwa hoja hiyohiyo nimeweka mpaka kwenye ujenzi: chumba cha mawe hakipiti mita 3 kwa upana, kwa sababu dari inabebwa na boriti na boriti ina urefu wake. Marefu unaweza kwenda utakavyo. Nilidhani wachezaji wa majaribio wangelalamika. Badala yake nyumba zao zimeanza kufanana na nyumba.

Mpango ulisema sasa nianze soko na ajira. Nimeuweka kando, kwa sababu mlango ni kitu kinachoweza kufungwa na kufunguliwa, na nikajiuliza: je, na bahari? Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa kwa karibu dakika 50 kila siku inayofuata. Wakati wa bamvu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Mchanga unaotokea maji yakipwa ni nafasi. Mpaka wake na gati ni mlango wenye saa. Hakuna msimbo mpya unaohitajika, ila ratiba ya mwezi.

Nimelijaribu leo asubuhi kwa kipande kimoja cha ufuo. Maji yakipwa, watoto wanashuka kuokota makome na mashua zinalala ubavu. Yakianza kujaa, milango inafungwa kutoka mbali kuja karibu, na kila mhusika anapewa onyo la nusu saa ya gemu ili arudi. Wavuvi wanaitii vizuri. Punda hawaitii bado: anayebeba mchanga kutoka ufuoni anahesabu safari ya kwenda tu, hahesabu ya kurudi, na maji yanamkuta amesimama na mzigo. Nitairekebisha hiyo kwanza. Kisha ni zamu ya vidato vya gati, kila kimoja na saa yake, ili nahodha anayefika bamvu limejaa ashukie juu na anayefika yakiwa yamekupwa apande ngazi nzima na magunia mgongoni.