Kina Anand na mimi

Mtu wa kuleta mzigo akinipigia simu huanza kwa Kiingereza cha adabu nyingi, akidhani anaongea na mwenye duka kubwa pale Oginga Odinga Street, Kisumu. Nikimjibu "Sema, kiongozi, uko wapi?" ananyamaza, kisha anauliza kama amekosea namba. Hajakosea. Jina la kwanza kwenye kitambulisho changu ni Anand. Mengine mawili ni ya Kijaluo, ya watu wa Seme, na sura yangu haina utata wowote. Nimekulia Kondele, nauza maziwa karibu na Kibuye, na India sijawahi kufika.

Kwa kuwa kila wiki kuna mtu mpya wa kuelezwa, nimeona niandike hapa mara moja, niwe nawatumia watu kiungo.

Jina lililetwa na baba. Miaka ya sabini alikuwa mkata tiketi kwenye sinema moja ya hapa mjini, enzi zile ambapo Jumapili jioni familia za Kihindi zilifika na magari yao na karanga zao, huku viti vya bei rahisi vya mbele vikikaliwa na vijana wa Kaloleni wasioelewa neno hata moja na wasiojali. Milango ikishafungwa, baba aliruhusiwa kusimama nyuma na kutazama. Ndivyo alivyoiona *Anand*, filamu ya 1971 ya Hrishikesh Mukherjee. Hadi inaondoka mjini alikuwa anaimba nyimbo zake, zilizotungwa na Salil Chowdhury, kwa Kihindi cha kubahatisha ambacho mpaka uzeeni hakikurekebika.

Kisa chenyewe si kirefu. Kijana Anand, anayechezwa na Rajesh Khanna, anafika Bombay akiwa na saratani ya matumbo. Anajua atakufa baada ya miezi michache, na hataki mtu yeyote amwonee huruma. Daktari wake ni Amitabh Bachchan, wakati huo akiwa bado mwembamba na asiyejulikana sana, kanuna tangu mwanzo hadi mwisho. Mgonjwa ndiye anayemchangamsha daktari. Bachchan na Khanna wote walipata tuzo za Filmfare kwa kazi hiyo, ingawa baba hakujua habari za tuzo. Yeye alichokipenda ni Murarilal.

Murarilal ni hivi. Anand ana tabia ya kumfuata mtu asiyemjua kabisa barabarani, kumpiga bega na kumwambia, "We Murarilal! Umenisahau?" Watu wanamshangaa, wengine wanakasirika. Anajua wazi kwamba huyo si Murarilal. Anachotafuta ni kisingizio cha kuongea na mtu. Mwisho anampata mmoja, mtu wa michezo ya jukwaani anayechezwa na mchekeshaji Johnny Walker, ambaye badala ya kukana naye anamgeuzia jina, anamwita Jaichand, na wanapiga soga kama watu waliosoma shule moja. Baba aliufanya mchezo huo Kisumu nzima. Kituo cha mabasi, sokoni, msibani hata. "Murarilal!" anamwita mchuuzi wa omena. Mama alikuwa akivuka barabara ili asionekane yuko naye.

Basi nilipozaliwa, miaka michache baadaye, baba alikuwa na jina tayari. Taabu ilikuwa nyanya, mama wa baba. Kwetu mtoto akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya waliotangulia moja baada ya jingine, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Nyanya alitoka Seme na orodha yake kichwani. Baba akasema mtoto ataitwa Anand. Mama ndiye husimulia mahojiano yaliyofuata, na huigiza sauti zote mbili.

"Huyo Anand ni wa ukoo gani?"

"Si wa ukoo, mama. Ni wa Bombay."

"Amekufa?"

Hapo baba akaona mwanya. Akasema ndiyo, amekufa, kwa saratani, kijana mdogo, na watu walimlilia sana. Akamweleza jinsi daktari anavyofika akiwa amechelewa dakika chache tu, jinsi anavyomlilia maiti aseme neno, na ghafla sauti ya Anand inatoka kwenye kinasa sauti kilichoachwa kikizunguka. Mama anasema nyanya alisikiliza mpaka mwisho, na macho yalimlowa kidogo. Kisha akauliza swali lake la mwisho.

"Aliacha watoto wangapi?"

Hakuacha. Mpenzi wake ndani ya filamu ameolewa na mwingine. Nyanya akasimama, akajifunga leso, akasema jina la mtu aliyekufa bila mtoto halitaingia kwenye nyumba yake. Maafikiano yakawa kwamba Anand litaandikwa kwenye kadi ya kliniki, na la ukoo ndilo litakaloitwa nyumbani. Nyanya hakuwahi kuniita Anand hata siku moja. Nina watoto wanne sasa, na kama angekuwepo ningempelekea hesabu hiyo.

Siku hizi hakuna kijana anayejua filamu hiyo. Wanaojua jina wanalijua kwa sataranji. Binti yangu wa tatu anacheza chesi shuleni, na wenzake walipogundua babake anaitwa Anand walimzunguka wakiuliza kama tuna undugu na bingwa. Viswanathan Anand amezaliwa 1969 katika jimbo la Tamil Nadu, mama yake Susheela ndiye aliyemfundisha kusogeza kete, na mwaka 1988 akawa Mhindi wa kwanza kupata cheo cha grandimasta. Alishika ubingwa wa dunia mwaka 2000, akaupata tena 2007 na kuushikilia hadi 2013, aliponyang'anywa na Magnus Carlsen huko Chennai, mji aliokulia. Vijana wa India wanaotamba leo, akiwemo Gukesh aliyetwaa ubingwa mwaka 2024, walikua wakimtazama yeye.

Binti yangu anapenda nimsimulie ya Sofia. Mwaka 2010 Anand alitakiwa kwenda Bulgaria kutetea taji dhidi ya Veselin Topalov, na Topalov ni wa hukohuko. Volkano ikalipuka Iceland, majivu yakafunga anga ya Ulaya, ndege zikalala. Bingwa wa dunia akakwama Frankfurt. Akaomba mashindano yaahirishwe siku tatu, akapewa moja. Akaingia barabarani yeye na wenzake, saa 40 hivi kwa gari, nchi baada ya nchi, akaketi mezani na kupoteza mchezo wa kwanza. Wakaenda bega kwa bega hadi mchezo wa 12, wa mwisho, wakiwa sare. Anand akiwa na kete nyeusi akashinda. Mtu aliyewahi kutoka Mombasa hadi Busia kwa basi la usiku anaielewa kazi hiyo kuliko wachambuzi wa sataranji.

Kuna jambo jingine kumhusu linalonifurahisha. Viswanathan ni jina la babake. Lake mwenyewe ni Anand. Wageni hawakulijua hilo, wakalikata la mbele wakamwita Vishy, kwa hiyo miaka yote dunia imekuwa ikimwita kwa jina la mzee wake. Mjaluo hawezi kushangaa. Mimi pia kuna ofisi ambako nikiitwa kwa jina la baba natazama mlangoni kuona kama ameingia.

Akina mama wa Kihindi waliobaki mjini, wale wa umri wa mama yangu, wao wakisikia Anand wanamkumbuka mcheza filamu Dev Anand na nywele zake. Kwake ni jina la familia. Walikuwa ndugu watatu wa filamu, na kaka mkubwa, Chetan, ndiye aliyeongoza *Neecha Nagar*, iliyopata tuzo kuu kwenye tamasha la kwanza la filamu la Cannes mwaka 1946. Dev alikuwa na urembo, sikatai. Lakini mama mmoja mnunuzi wangu wa mtindi alinitazama kuanzia kichwa hadi viatu, akasema, "Wapi!" na mazungumzo yakaishia hapo.

Na yuko Mulk Raj Anand, mwandishi, aliyezaliwa Peshawar 1905 na kuishi karibu miaka 99. Kitabu chake *Untouchable* cha 1935 nilikinunua kwa wauza vitabu vya mitumba. Ni siku moja tu ya kijana Bakha, msafisha vyoo, asiyeruhusiwa kumgusa mtu. Anamgusa mtu kwa bahati mbaya sokoni na mji mzima unamvamia. Nilikisoma dukani kati ya wateja, nikawa nawapa chenji isiyo sawa. Kama ni mtu ninayetaka kuitwa kwa ajili yake, huyu namweka juu ya mcheza filamu yeyote.

Lakini Anand ninayemtetea siku hizi si mtu.

Nilimsikia kwa mzee mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, nilipokwenda kununua mpira wa kuoshea madebe. Aliposoma jina langu kwenye risiti alivua miwani. "Anand? Mimi natoka Anand." Nikajiandaa kwa Rajesh Khanna. Kumbe anasema mji. Mzee mwenyewe amezaliwa hapa Nyanza, lakini babu yake alitoka Charotar, eneo la Gujarat walikotoka wengi wa akina Patel tunaowaona Kisumu na Nakuru, na Anand ni mji wa hukohuko. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia maziwa. Mzee akacheka mpaka karani wake akatoka stoo kuangalia kuna nini. Akanivutia kiti, chai ikaja, na saruji za watu zikasubiri.

Kwa sababu Anand, bwana, ndio makao makuu ya maziwa ya India. Zamani wafugaji wa wilaya ile, iliyoitwa Kaira, walikuwa wakiuza maziwa kupitia mawakala wa kampuni moja, Polson, iliyopewa haki ya kupeleka maziwa Bombay, zaidi ya kilomita 400 kwa reli. Bei ilipangwa na mnunuzi. Mwaka 1946 wafugaji wakagoma, siku 15 bila tone kwenda Bombay, na wakaanzisha chama chao cha ushirika chini ya Tribhuvandas Patel. Walianza na lita 247 kwa siku. Nilipoisikia namba hiyo niliweka kikombe chini, kwa sababu kuna mashine za kuuza maziwa hapa Kondele zinazokaribia kiasi hicho, na zile lita za kwao ndizo zilizozaa Amul, chapa kubwa ya maziwa ya India.

Mwaka 1949 serikali ilimpeleka huko mhandisi kijana, Verghese Kurien, mtu wa Kerala, kusini kabisa, kulipia deni la ufadhili wa masomo yake Marekani. Hakutaka kukaa. Alikaa maisha yake yote, akafa mwaka 2012. Wazungu walisema maziwa ya nyati hayawezi kufanywa unga; mwenzake, H. M. Dalaya, akaonyesha kwamba yanaweza. Mwaka 1965 bodi ya taifa ya maziwa ikawekwa Anand kwenyewe wala si Delhi, ili mfumo ule unakiliwe nchi nzima, na kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini India ikawa ya kwanza duniani kwa uzalishaji wa maziwa. Huyo Kurien mwenyewe alikuwa hanywi maziwa, hayapendi, na alikuwa akisema wazi.

Mfumo wenyewe si uchawi. Kijiji kina kituo. Mfugaji, hata wa nyati mmoja, analeta asubuhi na jioni. Maziwa yanapimwa mafuta papo hapo, naye analipwa kwa mafuta, si kwa ujazo tu. Vijiji vinamiliki kiwanda kwa pamoja, na wataalamu wanaajiriwa na wafugaji. Hilo la mafuta ndilo lililonikaa. Mimi huchukua maziwa kwa wakulima wa upande wa Kobujoi, Nandi, na mama mwenye ng'ombe wa Jersey, maziwa mazito kabisa, analipwa sawa na jirani yake mwenye Friesian wa maziwa mepesi, lita kwa lita. Kuongeza maji kunalipa kuliko kulisha vizuri, halafu tunashangaa. Kipimo chetu cha kuelea kinamkamata mwenye maji mengi, mjanja kinampita.

Na wafugaji wa Gujarat walitengeneza filamu pia, jambo ambalo lingemmaliza baba kwa raha. Mwaka 1976 wafugaji 500,000 walichanga rupia mbili kila mmoja, Shyam Benegal akaongoza *Manthan*, kisa cha daktari wa mifugo anayefika kijijini kuanzisha ushirika na kukuta ubaguzi wa matabaka, wenye nguvu na wakopeshaji. Ilipoingia majumba ya sinema, wafugaji walikuja kwa malori kutazama filamu yao. Mwaka 2024 ilioneshwa Cannes ikiwa imesafishwa upya.

Nimeshaipata kwenye kompyuta. Wakulima wangu tunakutana Jumamosi ijayo kwenye ukumbi wa kanisa, ajenda ikiwa kununua kifaa cha kupimia mafuta kwa mchango wa pamoja. Wenye Friesian wameanza kunung'unika tayari, na mwenyekiti, ambaye ana Friesian sita, amesema projekta italeta usingizi. Mama wa Jersey ameniambia nilete tu, yeye atatoa stima ya jenereta.