Nilivyofundisha arkea kwa nanasi na picha za eksirei

Vitabu vingi vya biolojia huwapa arkea mistari michache tu: viumbe wa seli moja, si bakteria, wengi huishi pagumu. Basi. Mimi nilitaka kidato cha tano changu, hapa Kigoma, wafike kwenye vimeng'enya vyao vya kukata protini, maana utamu wote uko huko. Lakini arkea wa kwenye moto ningemtoa wapi, na ningemfugia kwenye nini?

Nikaamua tuanze na kimeng'enya cha kawaida, waone kinakomea wapi. Nanasi la sokoni lina bromelaini, ambayo hukata protini. Cha kukatwa kilikuwa picha za zamani za eksirei, zile zinazosahaulika juu ya kabati nyumbani. Weusi wake ni chembe za fedha zilizoshikwa na jelatini, na jelatini ni protini. (Kwanza nilikata pembe yenye jina la mgonjwa.) Kipande kimoja tulikitia kwenye maji ya nanasi bichi, kingine kwenye maji ya nanasi yaliyochemshwa yakapoa, cha tatu kwenye maji matupu, vyote katika uvuguvugu. Cha kwanza kikaanza kumenyeka weusi, ikabaki plastiki angavu. Vile viwili havikubadilika.

"Kwa hiyo moto umekiua, Mwalimu?" Umekikunjua, nikajibu. Kimeng'enya nacho ni protini, na protini hufanya kazi kwa umbo lake. Umbo likivurugika, kazi imekwisha.

Hapo ndipo nikamleta arkea Pyrococcus furiosus, aliyepatikana kwenye mchanga wa bahari wenye moto kisiwani Vulcano, Italia, na kutangazwa mwaka 1986. Yeye hustawi hasa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, palepale tulipoharibia nanasi letu, na kimeng'enya chake, pirolisini, hukata protini kwenye joto hilo. Jamaa yake wa Japani, Thermococcus kodakarensis, ana subtilisini, kimeng'enya kingine cha kukata protini, inayoshikiliwa na ioni saba za kalsiamu. Watafiti wameijaribu kuvunja prioni, protini za ugonjwa wa ng'ombe kichaa ambazo kuchemsha vyombo vya upasuaji hakuziondoi.

Swali lililonifurahisha lilitoka kwa binti wa Uvinza, kwenye chumvi: "Na chumvi je, Mwalimu?" Nikampa Natrialba magadii, arkea wa Ziwa Magadi, Kenya. Kimeng'enya chake hudai chumvi nyingi. Ukiipunguza, kinalegea na kuacha kazi. Protini za viumbe hawa zina uso uliojaa chaji hasi, unaoshikilia maji yasinyakuliwe na chumvi. Na kwa kuwa kimezoea maji haba, huvumilia hata viyeyushi vya viwandani ambavyo vingeviharibu vimeng'enya vingi.

Protiasomu, mashine ya kukata protini ndani ya seli, niliipitia mbiombio, ingawa inastahili kipindi chake. Umbo la ile ya Thermoplasma acidophilum, pipa la vipande 28 lenye visu ndani, lilichorwa mwaka 1995 na likasaidia kuielewa ya kwetu binadamu, ambayo bortezomibu, dawa ya saratani ya uboho, huizuia.

Kwa mwalimu atakayejaribu: nanasi liwe bichi, likamuliwe siku hiyohiyo. Juisi ya pakiti haifai, imeshapashwa moto kiwandani, ingawa kama kipande cha nne cha kulinganisha ni nzuri sana.