Nyasi za Chini ya Mikorosho

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba nyasi ndefu zilizoota chini ya mikorosho katika kiwanja cha shemeji yangu, Pugu Kajiungeni, ni mabingobingo. Zilinizidi kimo, majani yake yalikuwa mapana, na mzee anayekuja kuzikata kwa ajili ya ng'ombe wake hakuwahi kunikosoa.

Masika yalipokolea zikatoa masuke, nami nikaumbuka. Suke la mabingobingo hushikamana likafanana na brashi ya kuoshea chupa, ilhali haya yalitawanyika kwa vijitawi vyembamba, na vile vya chini kabisa vilichomoza pamoja mahali pamoja vikilizunguka shina. Kwamba ni nyasi za kweli sikuwa na shaka, kwa kuwa shina la ndago, mmea unaofanana tu na nyasi, huwa na pembe tatu ukilibiringisha kati ya vidole, na hili lilikuwa la mviringo lenye vifundo.

Ushahidi wenyewe, hata hivyo, umo ndani ya kishuke, kijipunje chenye urefu wa milimita tatu hivi, ambacho pasipo lenzi ya mkononi huwezi kukisoma. Kati ya magamba yake mawili ya nje, la chini ni fupi, takriban theluthi moja tu ya kishuke chote. Na ukiyabandua, unakuta gamba gumu linaloikumbatia mbegu, lenye mikunjo midogo inayokatiza kwa upana wake. Mikunjo hiyo ndiyo iliyonifanya nithubutu kuandika jina: Megathyrsus maximus, ambayo wengi bado huiita Panicum maximum, kwani jina jipya ni la mwaka 2003 tu.

Ni nyasi ya asili ya Afrika, inayopenda kivuli cha miti, lakini mtaalamu wa mimea Jacquin alipoipa jina la kitaalamu mwaka 1781 alitumia mmea uliokuzwa Guadeloupe, ng'ambo ya Atlantiki. Hilo, nakiri, liliniudhi kidogo.

Nilimwamkia mzee na kumweleza niliyoyaona. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ukisubiri masuke, mashina yanakakamaa na ng'ombe hawayataki." Tukapatana: yeye akate kiwanja chote, aniachie kichaka kimoja kwenye shina la mkorosho wa mwisho.