Siku ya Fundi wa Nakshi na Nguzo za Mahindi

Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua karakana yangu ya Mji wa Kale na kuukuta ubao wa mvule umelala mezani. Mteja wangu, mama mmoja wa Nyali, ameagiza mfaa wa mlango, ule mhimili wa katikati, usio na nakshi za waridi wala mnyororo, kwa kuwa hizo, asema, ziko kila mtaa.

Saa mbili alipofika mwanagenzi wangu, nilimwonyesha picha za ndani ya Capitol ya Washington, jengo ambamo Bunge la Marekani hukutana. Macho yake yalikimbilia ukumbi wa duara, wenye kipenyo cha takriban mita 29, na mchoro alioumaliza Constantino Brumidi mwaka 1865 ndani ya kuba, karibu mita 55 juu ya sakafu. Sikatai kwamba unashangaza, ingawa kuba lenyewe ni la chuma cha kusubu kilichopakwa rangi kifanane na mawe, jambo ambalo fundi wa mbao hulisamehe kwa shida.

Mimi nilitaka azitazame nguzo sita zilizo ghorofa ya chini, upande wa Seneti. Msanifu Benjamin Latrobe aliyaacha majani ya Kigiriki yaliyozoeleka, na mwaka 1809 Giuseppe Franzoni akazichonga kwa mfano wa mmea wa mahindi: mwili wa nguzo ni mabua yaliyofungwa pamoja, na kichwani mahindi yanachungulia kutoka kwenye maganda yake. Latrobe alimwandikia Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa Marekani, kwamba wabunge walizisifu kuliko kazi zake kubwa zaidi. Waingereza walipolichoma jengo mwaka 1814, nguzo hizo zilinusurika.

“Basi, fundi, na sisi tuchonge mahindi?”

“La, mwanangu. Hayo walichuma mashambani mwao. Mwambao wetu una nini?”

Alifikiri hadi adhuhuri ndipo akataja karara la mnazi, ala inayofunika maua yake.

Baada ya chakula tulichora karara linalopasuka, vishada vikimwagika kufuata urefu wa ubao, maana ukivikata kinyume cha nyuzi za mti vitavunjika. Hata hivyo saa kumi alasiri tindo iliteleza, kishada kimoja kikakatika, nikakifanya kifupi kama kilichoanza kuchanua.

Magharibi nilimtumia mama picha. Akauliza nazi ziko wapi, nikamjibu zitakaa kwenye kizingiti cha juu.